Kitanzi hakitawalinda watu wa Kisauni

Kila vijana wa mapanga wanapopita mtaa wa watu, iwe Kisauni ama Likoni, na mtu akafa, magrupu yetu ya WhatsApp hapa Mombasa yanajaa neno moja tu: wanyongwe. Na tangu Novemba 2025 watu wamepata mfano wa kuonyeshana, ile kesi ya Tremane Wood wa Oklahoma huko Marekani aliyebadilishiwa hukumu ya kifo na gavana dakika chache kabla ya kudungwa sindano, wengine wakasema gavana amemuuza aliyeuawa, wengine wakamtaja Emmanuel Littlejohn, wa Oklahoma huko huko, ambaye yeye alidungwa kweli Septemba 2024, wakasema mnaona, huko sheria ina meno, mwizi akiua naye anauliwa, sio hapa kwetu hukumu inasomwa halafu mtu anakula ugali wa serikali mpaka anazeeka. Mimi naona hizo kesi mbili tumezisoma vibaya, na sheria yetu wenyewe tumeisoma vibaya zaidi. Kenya haijakosa hukumu ya kifo kwa wezi, tunayo tena imekaa mahali isipofaa, na vile ilivyoandikwa inamuweka mwananchi anayeibiwa kwenye hatari zaidi, huku ikimfunika kila mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza na hakuchunguza.

Hebu tuziangalie pole pole. Littlejohn alikuwa na miaka 20 mwezi wa Juni 1992 walipoingia yeye na mwenzake kuiba kwenye duka moja Oklahoma City, na katika ule wizi mwenye duka akapigwa risasi akafa. Littlejohn alikubali kwamba aliiba, ila mpaka mwisho alisema hakufyatua yeye. Wawili hao walihukumiwa kila mtu na kesi yake, na mawakili wa Littlejohn walilalamika kwamba waendesha mashtaka waliliambia kila jopo la raia wanaoamua kesi kuwa mfyatuaji ndiye huyu aliye mbele yenu. Mwenzake akapata kifungo cha maisha, yeye akapata kifo, na tangu wizi mpaka sindano ikawa miaka 32. Kesi ya Wood ni ya usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2002, wizi ulipangwa kwenye moteli, ndugu wawili ndani yake, na kijana wa miaka 19 aliyekuwa kibarua wa shamba akachomwa kisu akafa. Ndugu wa Tremane ndiye aliyekiri kwamba yeye ndiye aliyechoma. Basi yeye aliyekiri ndiye aliyepewa maisha, Tremane aliyekana akapewa kifo. Sasa sikiza. Bodi ya msamaha ya Oklahoma iliketi kwa Littlejohn ikapiga kura 3 kwa 2 apunguziwe, ikaketi kwa Wood ikapiga kura 3 kwa 2 apunguziwe. Gavana alikuwa mmoja, Kevin Stitt. Kwa Littlejohn alikataa, kwa Wood akakubali. Kwa hivyo anayenionyesha Littlejohn kama ushahidi kwamba huko haki inapimwa kwa mizani moja, ananionyesha watu wanne walioingia kwenye wizi uliogeuka mauaji, wote wakabebeshwa ile damu, wakahukumiwa wote, halafu serikali ikamuua mmoja tu, na hakuna awezaye kuapa kwamba huyo mmoja ndiye aliyewazidi wenzake kwa hatia.

Sheria yetu ina mlango huo huo. Watu wakitoka kwa nia moja kwenda kuiba na mmoja wao akaua, kifungu cha 21 cha sheria ya makosa ya jinai kinawashika wote kwa yale yaliyozaliwa na mpango wao. Hilo sina ugomvi nalo sana, manake anayeshika mlango wakati mwenzake anamkata mtu ndani hawezi kusema yeye hakuwepo. Ugomvi wangu uko kifungu cha 296, hiki cha wizi wa mabavu. Sehemu ya kwanza inasema ukiiba kwa nguvu adhabu ni mpaka miaka 14. Sehemu ya pili inasema ukiwa na silaha ya hatari, ama ukiwa na mwenzako hata mmoja, ama ukimjeruhi au kumpiga mtu, basi ni kifo, na sio lazima yawepo yote matatu, moja linatosha. Tulia hapo kwa mwenzako hata mmoja. Vijana wawili wasio na hata kijiti, mmoja amkabe mtu shingo kwenye ule msukumano wa kushuka feri Likoni, mwengine amchomoe simu mfukoni, kwa maandishi ya sheria hao ni wa kunyongwa, sawa sawa na genge lililovunja nyumba ya mtu Bamburi saa nane usiku na kumkata baba mbele ya wanawe. Adhabu hiyo iliingizwa mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati wa Mzee Kenyatta, serikali ikiwa na hofu ya majambazi wa bunduki, na toka hapo nchi imebadilisha katiba nzima lakini adhabu hiyo haijaondolewa.

Na kuna jambo ambalo wengi ninaoongea nao hawalijui kabisa, hata waliosoma. Mwezi wa Julai 2010 Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapa hapa Mombasa, kwenye kesi ya Godfrey Mutiso ilisema kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kumsikiza ni kinyume cha katiba, na ikadokeza kwamba sababu hizo hizo zinaweza kufaa kwa wizi wa mabavu pia. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo, na majaji watano Nairobi, ikaurudisha nyuma uamuzi huo. Halafu 14 Disemba 2017 Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya zote, kwenye kesi ya Muruatetu ikakata maneno: kifo cha lazima kwa muuaji hakipo tena, jaji ana haki ya kupima. Magereza yakachangamka, wafungwa wa wizi wa mabavu nao wakaanza kurudi kortini kuomba wapimwe upya na wengine wakapunguziwa, mpaka 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoka tena ikasema tulichoamua kinahusu mauaji peke yake, wa wizi wa mabavu waanze kesi yao chini, Mahakama Kuu, ipande mpaka juu. Kwa hivyo leo hii Kenya mtu aliyeua anasikizwa kabla ya kupewa adhabu, anaulizwa alikuwa na umri gani, aliingiaje, alijutia ama hakujutia, na anaweza kutoka na miaka 20 ama 30. Aliyeiba na mwenzake na hakuua mtu, sheria inasema hakuna cha kupima. Mimi sijaona popote mtu akasimama akaeleza kwa nini iwe hivyo, na sidhani kuna anayeweza.

Tena hata mahakama zenyewe hazifanani. Kesi ya mauaji inakwenda Mahakama Kuu mbele ya jaji, na mshtakiwa asiye na kitu hupewa wakili anayelipwa na serikali. Wizi wa mabavu unaanzia kwa hakimu, pale Mombasa ama Shanzu, na ingawa katiba inataka mtu apewe wakili pale ambapo bila wakili ataonewa, wengi wa hawa husimama peke yao. Kaa benchi la nyuma siku moja uone. Kijana yuko kizimbani na malapa yake, shahidi amemaliza kusema kwamba alimtambua kwa mwanga wa taa ya stima iliyokuwa mbali kidogo, hakimu anamgeukia mshtakiwa anamuuliza una swali kwa shahidi, na kijana anatazama chini, anasema sina. Amekwisha hapo. Wakili yeyote angeuliza taa ilikuwa umbali gani, ilikuwa nyuma ya nani, mlitazamana kwa muda gani, polisi ulipowapa ripoti uliwaambia mtu anafananaje, gwaride la utambulisho lilifanywa ama ulionyeshwa tu mtu mmoja ukaulizwa ni huyu? Hayo ndiyo maswali ambayo kwenye rufaa huja kuvunja kesi miaka mingi baadaye, na kama angekuwa amenyongwa tungekuwa tunayauliza kaburini.

Haya, wanaotaka kitanzi wana hoja zao na sizidharau zote. Ile nzito zaidi ni ya wafiwa. Mtu wa bodaboda amebeba abiria saa nne usiku kutoka Mtambo kwenda Kiembeni, amekabwa na kamba kutoka nyuma, amefia kwenye mtaro kwa sababu ya pikipiki ya mkopo ambayo hata hajaimaliza kuilipa, mkewe ameachwa na watoto na mkopo ule ule. Ukimwambia mama huyo habari ya haki za mshtakiwa ana haki ya kukasirika, na mimi siwezi kumwambia hasira yake imekosea. Lakini tazama serikali imemfanyia nini. Mtu wa mwisho kunyongwa Kenya ilikuwa 1987, nao ni wale wa jaribio la mapinduzi la 1982, Ochuka na Okumu, wala haikuwa kwa wizi. Tangu hapo hukumu zinasomwa na hazitekelezwi, 2009 Rais Kibaki akawabadilishia zaidi ya watu 4,000 kwa siku moja iwe maisha, 2016 Uhuru akawabadilishia 2,747, na 2023 Ruto naye akafanya hivyo hivyo. Yule mama aliambiwa kortini kwamba muuaji wa mumewe atanyongwa, akarudi nyumbani akijua hivyo, halafu siku moja akasikia redioni kwamba amebadilishiwa pamoja na maelfu ya wengine, hakuna aliyempigia simu. Hata hicho kifungo cha maisha mahakama zetu zimevutana juu ya urefu wake. Kama tunamheshimu kweli tungempa hukumu ambayo itasimama, yenye miaka inayohesabika, na aitwe aseme kabla haijatolewa.

Hoja ya pili ni ya dini, na hapa Pwani haiepukiki, kila mjadala kama huu kuna ndugu atasema sheria ya Mungu imeshamaliza haya maneno. Sawa, tuifuate mpaka mwisho basi. Aya ya 33 ya Surat al-Maida ndiyo inayozungumza juu ya wanaofanya uharibifu na kuvamia watu njiani, na adhabu zilizomo ni kali kuliko chochote kilichoko kwenye sheria ya Kenya. Lakini wanavyuoni wa Kishafi, madhehebu ambayo wengi wetu hapa tumelelewa nayo, hawakuzichukua zile adhabu wakazitupa kwa kila mtu. Walizipanga kwa kadiri ya tendo: aliyeua na kuchukua mali ana yake, aliyeua bila kuchukua ana yake, aliyechukua bila kuua ana yake na hauliwi, na aliyetia watu hofu tu njiani bila damu wala mali ana yake ndogo zaidi. Aya inayofuata inawatoa waliotubu kabla ya kukamatwa. Na juu ya yote hayo ushahidi unaotakiwa ni wa watu waadilifu walioona, sio mtu mmoja aliyetambua sura gizani. Sisemi haya ili tuhamie huko, korti zetu ni za katiba. Nasema kwamba mtu anayetaka kitanzi kwa kila mwizi wa mabavu hawezi kuegemea hapo, manake waliokaa na aya hiyo kwa karne nyingi waliona lazima kuwe na ngazi kati ya kuiba na kuua, na kifungu chetu cha 296 hakina hiyo ngazi.

Iliyo dhaifu kabisa, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba wakinyongwa wachache hadharani ama hata ndani ya gereza la Kamiti, waliobaki wataogopa. Watu wanaongea kama kwamba mwizi wa Mombasa leo hana cha kuogopa, eti anajua atakula bure tu gerezani. Jamani, mwizi wa Mombasa anakufa kila siku! Anakufa kwa risasi ya polisi bila kesi wala mashahidi. Anakufa kwa mawe na tairi na petroli mikononi mwa wananchi, tena mara nyingi kwa kosa la simu, na vidio inazunguka kabla mwili haujaondolewa. Kifo hicho ni cha haraka, cha hadharani, kiko karibu naye kuliko kitanzi chochote ambacho jaji angekisoma baada ya miaka minane. Ameona wenzake wa maskani wakifa hivyo na kesho yake katoka tena na panga. Kina Wanugu na wenzake waliotikisa Nairobi miaka ya 90 walikuwa wakijua sheria inasema kifo na wakijua polisi wanawatafuta wawaue, na waliuliwa kweli, na ujambazi haukuisha nao. Kama kifo cha uhakika namna hiyo hakijamrudisha nyumbani, kitanzi cha mbali chenye rufaa tatu kitamrudishaje? Wengi wa hawa wanaokatakata watu mitaani ni watoto wa miaka 15, 16, 17, ambao sheria yenyewe hairuhusu wahukumiwe kifo, kwa hivyo hata tukiirudisha kamba kesho haiwagusi wale wale wanaotutisha leo.

Hoja ya gharama, kwamba wanakula kodi yetu, naipita, manake mtu haulizwi bei ya ugali kabla ya kuamuliwa aishi ama afe.

Ninaloliogopa mimi ni jambo jengine na naona halizungumzwi. Fikiria umefungwa kamba ndani ya nyumba yako, simu wamechukua, pesa umeshawatumia kwa M-Pesa, na mmoja wao kitambaa cha uso kimeanguka na umemuona. Wakati ule yeye anaamua. Sheria inayotenganisha wizi na mauaji inamwambia ukiondoka sasa utafungwa, ukimuua utapotea maisha yako yote. Sheria yetu inamwambia kwa aliyoyafanya mpaka dakika hiyo ameshakuwa mtu wa kunyongwa, na ile damu haitaongeza kitu, ila itampunguzia shahidi mmoja. Tena tangu 2017 imegeuka ikawa mbaya zaidi, manake akishtakiwa kwa mauaji atapata jaji, wakili na nafasi ya kupimwa, vitu ambavyo kwa wizi wa mabavu hana uhakika navyo. Sidai kwamba vijana hawa wanasoma vifungu kabla ya kutoka. Lakini maneno yanafika maskani, waliopitia gereza la Shimo la Tewa wanarudi na habari za kesi gani ina wakili na kesi gani haina, nani amepewa miaka mingapi, na sheria isiyompa mtu sababu hata moja ya kumuacha aliyeibiwa hai haikuandikwa kwa ajili ya aliyeibiwa.

Na wakati sote tunapigia kelele adhabu, kule mwanzo wa kesi kunabomoka na hakuna anayetazama. Jirani yangu mmoja Mshomoroni alikatwa mkono na vijana watatu, wawili akiwajua kwa sura. Aliandika ripoti, akapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kwenye kipande cha karatasi, wakakamatwa, kesi ikaanza, ikaahirishwa, mara faili haijafika, mara mpelelezi amehamishwa, na kila tarehe alipokwenda alikaa kwenye kibaraza kimoja na jamaa za washtakiwa wakimtazama. Wavulana wenyewe walikuwa nje kwa dhamana, ambayo ni haki yao kikatiba, na mmoja alikuwa akimsalimia asubuhi akienda dukani, shikamoo mama. Hakuna aliyemtisha kwa maneno. Mwishowe aliacha kwenda, na kesi bila shahidi ikaenda njia yake. Adhabu iliyoandikwa kwenye karatasi ile ya mashtaka ilikuwa kifo. Huyo mama alichohitaji ni mtu wa kumpigia simu, gari ya kumpeleka na kumrudisha siku ya kesi, chumba chake mwenyewe cha kungojea, na kesi isikizwe ndani ya miezi badala ya miaka. Tuna sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006, lakini wangapi mtaani wanajua mtu anaiombaje, na ni kituo gani cha polisi kinachokwambia siku unapoandikisha ripoti yako?

Kwa hivyo wanaosema kitanzi kirudi wajiulize kitaanza na nani. Hakitaanza na kiongozi wa genge, yule ana wakili na ana mtu wa kuzungumza na mashahidi. Kitaanza na yule wa malapa aliyesema sina swali, aliyekamatwa kwa sababu alikuwa wa mwisho kukimbia, ambaye kwa maandishi ya sheria ya leo hakimu haruhusiwi hata kupima, wakati wa kumpa adhabu, panga lilikuwa mkononi mwa nani. Oklahoma wana pesa, wana maabara, wana mawakili wa rufaa wa kulipwa na serikali, na baada ya miaka 32 bado watu walikuwa wanabishana ni nani aliyefyatua ile risasi. Sisi tuna ripoti ya OB na mwanga wa taa ya mbali.

Wabunge wetu wa Pwani wanakuja mazishini, wanalia na sisi, naamini wanalia kweli. Basi waende na mswada mfupi tu. Kifungu cha 296 kivunjwe ngazi ngazi, wizi wa watu wawili bila silaha uwe peke yake, wa silaha uwe peke yake, wa kujeruhi uwe peke yake, na uliotoa roho ushtakiwe kama mauaji na upimwe kama mauaji. Kila anayeshtakiwa mbele ya hakimu kwa kosa lenye adhabu hiyo apewe wakili tangu siku ya kusomewa mashtaka. Na bajeti ya kulinda mashahidi iwe na afisi inayojulikana Kisauni na Likoni, mahali ambapo mama aliyekatwa mkono anaweza kufika kwa matatu ya shilingi hamsini na akapata mtu wa kumsikiza.